Mashine ya espreso ya nyumbani: katika sura yake ya nje, kipi kina kazi na kipi ni pambo?

Mgeni_wa_Espreso ameuliza:

Salaam kwenu nyote. Baada ya miaka kadhaa ya kupika kahawa kwa birika la kuweka jikoni, nimeamua kununua mashine ya espreso ya nyumbani, na nimebakiwa na mbili ambazo nashindwa kuchagua kati yake. Moja ni nyembamba, upana wake sentimita 15, ina ganda la plastiki lenye rangi ya fedha, vitufe vitatu vya kugusa upande wa mbele, na maandishi makubwa yanayosema "bari 15" (bari ni kipimo cha presha). Nyingine ina upana karibu mara mbili ya huo, imefunikwa kwa chuma kinachong'aa hata unajiona uso, ina geji mbili za duara, vishikio vya mbao, na kichwa kizito cha kupikia kilichojitokeza mbele kama pua.

Habari za ndani, yaani boila (chombo cha kuchemshia maji), pampu na mengineyo, nimezisoma hadi zimenichosha. Swali langu ni la nje tu. Ninyi mnaoamka na mashine hizi kila siku, ni jambo gani la umbo au la kifaa cha nje ambalo hamkulitazama siku ya kununua na baadaye likageuka kero, na ni lipi lililowavutia macho ambalo sasa hamwoni lina faida gani? Mashine itakaa kwenye kona ya meza ya jikoni, ukuta ukiwa upande wa kushoto, na juu yake kuna kabati lililo sentimita 46 kutoka mezani. Asubuhi tunakunywa vikombe viwili, kimoja cha maziwa.

Mzee_wa_Trei amejibu:

Ndugu, kabla hujatazama kitu kingine chochote, chomoa trei ya matone uishike mkononi. Watu hudhani trei ni ya kupokea matone mawili matatu yanayodondoka kikombe kikishaondolewa, lakini sivyo. Mashine yenye vali ya kutolea presha, kila unapomaliza kupika, hutema kwenye trei maji yote yaliyobaki juu ya kahawa. Ukiongeza maji ya kusuuzia kichwa, maji ya kupashia vikombe moto na yale yanayotoka kwenye bomba la mvuke kabla mvuke wenyewe haujaja, utakuta trei imekunywa kuliko wewe. Mashine yangu ya kwanza ilikuwa na trei isiyofika hata nusu lita, yenye kingo fupi na isiyokuwa na mahali pa kushika. Kila jioni niliibeba kwa ncha za vidole kuelekea kwenye sinki, nikinyata kama mtu aliyebeba bakuli la supu lililojaa pomoni, huku maji ya kahawia yakienda ukingo huu na kurudi ukingo ule, na sikumbuki siku niliyofika bila kuacha alama sakafuni. Niliyo nayo sasa ina trei yenye kina, kishikio mbele, na kona moja iliyochongwa kama mdomo wa jagi. Hakuna picha ya dukani itakayokuonyesha tofauti hiyo. Angalia pia kama kuna kiboya, kile kijiplastiki chekundu kinachochomoza kwenye wavu trei inapokaribia kujaa, kwa sababu macho ya asubuhi hayaoni mengi.

Jambo la pili ni tangi la maji, na hapa sentimita zako 46 zinanitia wasiwasi. Mashine za aina ile pana mara nyingi huwa na kimo cha karibu sentimita 40, na tangi lao hujazwa kutoka juu, kupitia kifuniko kilicho chini ya vikombe vyako vilivyopangwa vipate joto. Maana yake ni kwamba kila maji yanapokwisha utaondoa vikombe, utainua kifuniko, kisha utagundua kwamba katika nafasi ya sentimita 6 jagi haliingii. Usipime kimo cha mashine ilivyosimama. Pima ikiwa kifuniko kimefunguliwa na mkono wako umeshika chombo cha kujazia. Kama tangi linachomolewa kwa mbele au kwa ubavu, tatizo hilo halipo.

La tatu ni ukuta wako wa kushoto. Katika mashine nyingi mpini wa kichujio, kile kikapu cha chuma kinachobeba kahawa, huingizwa ukiwa umeelekea kushoto, kisha huvutwa kuja kulia mpaka usimame katikati. Ukiwa na ukuta upande huo, vifundo vya vidole vitagonga kila siku, na kwenye mashine nyembamba hali huwa mbaya zaidi kwa kuwa kichwa chake kiko karibu na ubavu. Kadhalika fikiria uzito: kufunga mpini kunahitaji nguvu kiasi, na mashine ya kilo 4 hugeuka pamoja na mpini usipoikamata kwa mkono wa pili.

Geji_Mbili amejibu:

Nakubaliana na mwenzangu kuhusu trei, ila ameipita ile "pua" bila kuitolea neno, nami naona ndiyo inayostahili maelezo. Kwa jinsi ulivyoieleza, bila shaka ni kichwa cha aina ya E61, kilichotokea kwanza kwenye mashine ya kampuni ya Faema mwaka 1961, mwaka ambao jua lilipatwa, na herufi E inatokana na tukio hilo (eclissi kwa Kiitaliano). Ni shaba iliyopakwa kromu, yenye uzito wa karibu kilo 4, na kimetokeza nje kwa sababu ya namna kinavyofanya kazi: maji ya moto hupanda kutoka ndani ya mashine, huzunguka katika shaba hiyo, hupoa kidogo na kurudi chini, mzunguko usiokoma hata wakati hupiki chochote. Kwa hiyo si pambo hata kidogo. Umbo la mashine hizi limefuata utumbo wake tangu zamani. Zile za mwanzoni mwa karne ya 20, zilizotokana na hataza ya Luigi Bezzera ya mwaka 1901, zilisimama kama minara kwa sababu tu boila lake lilisimama wima.

Gharama ya pua hiyo ni mbili. Kwanza, inataka takriban nusu saa ipate joto sawasawa, hata kama taa ya mbele imekwishakuambia iko tayari. Pili, yote ni ya moto kwa nje, si ndani tu, na mtoto au mgeni asiyejua ataigusa kwa sababu inang'aa. Katika ubavu wake utaona kijiti kifupi: ukikiinua maji yanaanza kupita kwenye kahawa, ukikishusha hadi mwisho presha inatolewa na maji yanamwagika kupitia chini ya kichwa, kuelekea trei ile ile aliyoisema Mzee_wa_Trei. Raha ya kijiti hicho ni kwamba mkono unajua kilipo bila macho kutazama, jambo ambalo kitufe cha kugusa hakikupi, hasa vidole vikiwa na maji.

Sasa geji. Mbili hizo hazilingani kwa faida. Ile ya boila, ambayo sindano yake hukaa kati ya bari 1 na 1.5, mimi huitazama mara moja asubuhi kujua kama mvuke upo, basi. Ile nyingine, yenye namba zinazofika 16 hivi, ndiyo mwalimu. Sindano ikibaki kwenye 4 au 5 na kahawa ikatoka mbio, umesaga chenga kubwa mno. Ikipanda hadi mwisho huku kikombe kikipata tone baada ya tone, umesaga unga. Kama duka lina mashine nyingine yenye geji moja, uliza ni geji ya kitu gani, maana geji ya boila peke yake haikuambii lolote kuhusu kahawa iliyo kwenye kichujio.

Maandishi ya "bari 15" usiyahesabu. Hicho ni kiwango ambacho pampu inaweza kufikia ikizibiwa njia, ilhali espreso hupikwa kwa bari 9 hivi. Badala ya kusoma ganda, omba kichujio cha mashine ile nyembamba, kigeuze, ukitazame chini. Ukiona tundu moja dogo kama la sindano badala ya mamia ya matundu, basi presha inatengenezwa na tundu hilo wala si na kahawa uliyoishindilia, na povu utakaloliona juu ya kikombe litakuwa limepulizwa tu. Pima na kipenyo chake. Cha milimita 58 ndicho kilichozoeleka kwenye mashine za migahawani, hivyo vishindilio na vichujio vya akiba hupatikana kwa urahisi. Vya 54 na 51 vipo pia, ila utachagua kutoka kwenye rafu fupi zaidi.

Mgeni_wa_Espreso ameandika:

Nawashukuru sana. Nilirudi jana nikiwa na futi ya kupimia, na muuzaji akanitazama kwa mshangao. Mashine pana ina kimo cha sentimita 39, tangi lake hujazwa kwa juu kama ilivyotabiriwa, na trei yake inachukua zaidi ya lita moja. Ile nyembamba ina kimo cha sentimita 31, tangi linachomolewa kwa nyuma, na kichujio chake kina tundu moja. Nilikigeuza mbele ya muuzaji, naye akasema ni "teknolojia". Kipenyo ni milimita 51.

Jambo ambalo sikulielewa ni mabomba ya mvuke. La mashine nyembamba ni fupi na limevishwa mrija mnene wa plastiki wenye kitundu ubavuni. La mashine pana ni refu, jembamba, limeinama, na mwishoni lina kichwa kidogo chenye matundu manne. Kwa mtu anayetaka kikombe kimoja tu cha maziwa kwa siku, tofauti hiyo ina uzito wowote?

Povu_Laini amejibu:

Ina uzito, ingawa sidhani kama ni ule unaoutarajia. Mrija ule wa plastiki huvuta hewa wenyewe kupitia kitundu cha ubavuni na kuichanganya na maziwa, kwa hiyo asiyejua lolote atapata povu tangu siku ya kwanza. Lakini ni povu la mapovu makubwa, linalokaa juu ya maziwa kama la sabuni, wala huna namna ya kulipunguza. Bomba tupu lenye matundu manne halikusaidii kitu, linakungoja ujifunze: ncha yake ikae juu juu ya maziwa kwa sekunde chache hadi usikie mlio kama wa karatasi inayochanwa, kisha uizamishe kidogo ili maziwa yazunguke mpaka jagi lianze kuuchoma mkono, yaani kwenye nyuzi 60 hadi 65. Wiki mbili za kwanza utayaharibu maziwa. Baada ya hapo hutataka kuuona mrija tena.

Kwa upande wa umbo, kuna mambo matatu ya kujaribu kwa mkono pale dukani, mashine ikiwa baridi. Shika bomba ulizungushe: lililofungwa kwa kiungo cha duara huenda kila upande, na lile linalosogea kushoto na kulia tu litakulazimisha uinamishe jagi kwa pembe linayotaka lenyewe. Chukua jagi utakalotumia, liingize chini ya bomba, kisha ujaribu kulitoa bila kugonga trei. Nimeona mashine nzuri ambayo jagi haliwezi kutoka mpaka uinamishe maziwa hadi ukingoni. Halafu tazama kama bomba lina ukuta wa tabaka mbili. Mvuke wa boila lenye presha ya bari 1 una joto la nyuzi 120 hivi, na bomba la tabaka moja hubeba joto hilo hadi kwenye ngozi ya nje. Nina kovu dogo jeupe kwenye dole gumba la kulia, lenye umbo la nusu mwezi, lililotokana na asubuhi moja niliyotaka kulisogeza bomba kwa haraka nikiwa nimesahau kile kipete cha mpira kilichowekwa kwa kazi hiyo hiyo. Tabaka mbili pia huyazuia maziwa yasigandie nje, ingawa kulifuta mara moja kwa kitambaa kibichi ni lazima hata hivyo.

Hata hivyo, niruhusuni niitetee kidogo mashine nyembamba, kwa maana wenzangu wanaandika kana kwamba kila mtu ana nusu saa ya kusubiri. Mashine ndogo za namna hiyo hupata joto kwa muda mfupi sana, baadhi kwa dakika moja, hazili meza, na baadhi yake huuziwa vichujio vya kawaida vyenye matundu mengi, ambavyo huondoa lawama ya tundu moja. Kama utachukua ile kubwa, angalia swichi yake. Swichi ya kubonyea, ile inayobaki imelala upande ulioibonyezea, inakuruhusu kutumia plagi yenye saa, ambayo itawasha mashine kabla hujaamka, mradi uwe umejaza tangi usiku. Kitufe cha kugusa hakikubali ujanja huo, kwa sababu umeme ukirudi mashine hubaki imelala ikingoja kidole.

Kitambaa_Begani amejibu:

Nimefuata mjadala huu nikashangaa hakuna aliyegusa chuma chenyewe, ilhali ndicho kinachokula muda wangu. Chuma kinachong'aa kama kioo ni kizuri kwa siku moja. Baada ya hapo kila tone la maji linaacha duara jeupe, kila kidole kinaacha alama, na mvuke unapanda mbele ya geji na kukaa hapo kama ukungu. Chuma kile kile kikiwa kimesuguliwa kwa mistari myembamba huficha karibu yote hayo. Ukichagua cha kioo, weka kitambaa laini kikavu kando ya mashine na ufute chuma kingali na joto, wakati alama hazijakauka. Usitumie unga wa kusugulia, na usiisogeze karibu dawa ya kuondolea madoa yenye klorini, kwa kuwa hata chuma kisichoshika kutu hutobolewa vishimo na klorini.

Kutu yenyewe hutafutwa mahali pasipoonekana. Toa trei, inama, utazame sakafu ya mashine chini yake: kama ni bati lililopakwa rangi, tazama kingo na matundu ya skrubu, kwa sababu hapo ndipo rangi huanza kubanduka na maji ya kahawa hukaa siku nzima. Pitisha kidole, taratibu, kwenye kingo za chini za ganda. Baadhi ya watengenezaji hung'arisha uso wa mbele wakaacha ukingo wa chini ukiwa mkali kama kifuniko cha kopo.

Vishikio vya mbao napenda kuvishika, kwani havipati moto na vina uzito wa kupendeza, lakini havitaki kulowekwa wala kuingizwa kwenye mashine ya kuoshea vyombo. Huvimba, hupasuka, na skrubu ya ndani hulegea. Ile reli ya juu kazi yake ni kuzuia vikombe visidondoke mashine inapotikisika, wala si ya kupasha joto. Joto hutoka kwenye boila lililo chini ya bati, kwa hiyo kwenye mashine kubwa iliyowaka nusu saa vikombe huwa vuguvugu kweli, na kwenye ndogo inayowaka dakika moja bati lile ni rafu tu. Suuza kikombe kwa maji ya moto, yatosha.

Jambo dogo la mwisho kutoka kwangu: pima nafasi iliyopo kati ya midomo ya kichujio na wavu wa trei. Kikombe cha espreso kina kimo cha sentimita 6 hivi, mizani ndogo huongeza sentimita 2, na kikombe kikubwa cha maziwa huenda kisiingie kabisa, ukalazimika kupika katika kidogo na kumimina katika kikubwa, yaani kuosha viwili.

Mgeni_wa_Espreso ameandika:

Nimefanya jambo ambalo watu wa nyumbani wamelicheka. Nilitafuta boksi, nikalikata na kuligundisha mpaka likawa na vipimo vya mashine pana, nikalichomeka mwiko mbele kuwa mpini, nikaliweka kwenye kona kwa siku tatu. Siku ya kwanza mwiko uligonga ukuta kama nilivyoonywa, nikalisogeza sentimita 20 kulia. Siku ya pili nikagundua kwamba mwiko unatokeza kupita ukingo wa meza na kila anayepita anaugonga kwa kiuno, nikalirudisha nyuma. Siku ya tatu nilijaribu "kujaza maji" kwa jagi tupu: haliingii, ila kwa kuvuta boksi mbele hadi kifuniko kitoke chini ya kabati.

Nimeelekea kuichukua ile pana. Ila ina kilo 22, na miguu yake ya mpira inang'ang'ania meza. Je, kuna mwenye njia ya kuivuta kila baada ya siku mbili bila kuumiza mgongo wala meza?

Mzee_wa_Trei amejibu:

Usiivute. Tafuta faneli yenye mrija unaopindika, uipitishe kwenye uwazi wa sentimita 7 ulioubakiza juu, ujaze tangi mashine ikiwa pale pale ilipo. Ndivyo ninavyofanya, na chini ya kabati langu pamebana kuliko kwako. Miguu ya mpira usiibadilishe, ndiyo inayoishika mashine unapofunga mpini. Ila ivute mara moja kabla hujaiwasha kwa mara ya kwanza, utazame nyuma kama waya wa umeme unafika kwenye soketi bila kupita chini ya trei, na ujaribu kama kifuniko cha tangi kinaweza kutolewa chote badala ya kuinuliwa kwa bawaba, maana kikiwa cha bawaba, faneli yangu haitakusaidia.

Mgeni_wa_Espreso ameandika:

Nimempigia muuzaji simu. Kifuniko kinatolewa chote. Naifuata kesho, na boksi nimewaachia watoto.